Chuma Kimeshaingia Mguuni: Pesa Iliyobaki Iende Wapi?

Bili ya upasuaji wa mfupa humtisha kila mtu, na ndiyo inayofanyiwa harambee. Bili inayofuata haina harambee. Huja kidogo kidogo: mia mbili za bodaboda, mia na hamsini za bandeji, elfu moja na kitu za picha, na mwezi wa tatu ukifika imekula mbuzi wawili bila mtu kuandika hesabu popote.

Makala haya ni ya yule ambaye mgonjwa wake anatoka wodini wiki hii, awe Migori mjini, Awendo, Oyugis au Mbita, akiwa na bamba na skrubu, msumari ndani ya mfupa wa paja, au vyuma vya nje vinavyoshikilia mguu. Msimamo wangu nautoa mapema: kidonda na magongo ndivyo vya kulipiwa vizuri. Mengi ya yaliyobaki yana njia ya bei nafuu isiyo mbaya, na machache ni pesa ya kutupa.

Kidonda kinatangulia kwa sababu chuma hakina damu. Vijidudu vikikifikia hujishikiza juu yake na kujifunika utando ambao dawa haiupenyi vizuri, na kinga ya mwili haiufikii kwa urahisi. Kidonda cha kawaida kikioza husafishwa kikapona. Chenye chuma ndani kikioza kinaweza kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji mara mbili au tatu, kumlazimu kuchomwa dawa za mshipani kwa wiki kadhaa, na pengine chuma chenyewe king'olewe kabla mfupa haujaunga. Hapo ndipo shamba huuzwa.

Kabla hujatoka wodini

Kuna vitu vya bure leo ambavyo wiki ijayo utavilipia. Cha kwanza ni maandishi. Omba barua ya ruhusa, maelezo ya upasuaji, na picha za eksirei za kabla na baada. Kifungashio cha chuma huwa na kibandiko chenye jina la mtengenezaji, aina na ukubwa wake. Omba kibandikwe kwenye karatasi zako au kipigwe picha kwa simu. Kazi ya kibandiko hicho utaiona siku ya kutoa chuma.

Cha pili ni jibu la swali moja: anaruhusiwa kukanyaga, na kwa uzito kiasi gani? Wako wanaoambiwa wakanyage siku ya pili na wako wanaokatazwa kwa wiki sita au zaidi. Ukitoka bila jibu hilo, ama mgonjwa atakanyaga mapema na kupinda chuma, ama atalala kitandani miezi miwili bure na misuli ikaisha. Yote mawili yana gharama.

Cha tatu ni somo. Mwombe muuguzi akufungulie kidonda mara moja ukiangalia, kisha ukifunge wewe yeye akiangalia. Dakika kumi hizo zina thamani kuliko ziara mbili za kliniki.

Na ruhusa ikiandikwa Ijumaa, mkimbilie mhasibu saa hiyo hiyo. Uliza kama bili inaweza kufungwa siku hiyo, na kama kitanda kitahesabiwa Jumamosi na Jumapili endapo itakwama hadi Jumatatu. Ukikosa pesa yote, kabla ya kukopa, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya umma. Kuna utaratibu wa kupunguziwa au kusamehewa bili, lakini hauji kitandani kukutafuta.

Kufunga kidonda: wapi, mara ngapi

Hapa ndipo watu wengi hulipa mara mbili, basi tuchukue muda.

Kidonda kilichoshonwa vizuri, kikavu, kisichotoa maji, hakihitaji kufunguliwa kila siku. Kukifungua bila sababu ni kukialika uchafu. Nyuzi za mguuni au mkononi kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Katikati ya hapo, kukiangalia kila baada ya siku tatu au nne kunatosha kwa wengi, isipokuwa bandeji imelowa, imechafuka, au daktari ameagiza vingine.

Sasa piga hesabu. Tuseme kliniki ya binafsi mjini inatoza shilingi 300 kwa kufunga kidonda, na bodaboda kwenda na kurudi ni 200. Ukienda kila siku kwa siku 14, umetumia 7,000. Ukienda mara nne, ni 2,000. Kidonda ni kile kile, na aliyekwenda mara nne ana hatari ndogo zaidi. Akikuambia mtu uje kila siku, muulize ameona nini kwenye kidonda. Kama kuna usaha au maji, anayo sababu. Kama hakuna, sababu iko kwenye droo ya pesa.

Kliniki ya binafsi ni ya haraka na hufungua hata Jumapili, jambo lenye faida yake. Lakini bei inayotajwa mlangoni mara nyingi ni ya mkono wa mhudumu tu. Glavu, shashi, plasta na maji ya chumvi hujitokeza kwenye risiti baadaye, na wakati mwingine ada ya kumwona daktari ambaye hukumwona. Uliza hivi: "Mia tatu hiyo ni pamoja na vifaa vyote?" Kisha ngoja jibu kabla ya kukaa.

Zahanati au kituo cha afya cha karibu ndicho chaguo ambalo ningelijaribu kwanza. Ukishajisajili na SHA, bima ya afya ya serikali, huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya 2 na ya 3 hugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi, hata kama hujalipa mchango wa mwaka. Kujisajili ni bure, kwa simu, kupitia *147#. Kasoro ni mbili. Shashi na dawa za kusafishia huisha mara kwa mara, kwa hiyo nenda na vyako kwenye mfuko safi. Na wikendi au wakati wa mgomo mlango unaweza kuwa umefungwa. Usipange siku ya kutoa nyuzi iangukie Jumamosi.

Hospitali ya rufaa, iwe ya Migori, ya Homa Bay, au ile ya Kisii au Kisumu ulikofanyiwa upasuaji, ihifadhi kwa mambo makubwa: kukaguliwa na daktari wa mifupa, picha, na kidonda kilichoharibika. Kusafiri kutoka Muhuru Bay hadi Kisumu ili ubadilishiwe bandeji kavu ni kuwalipa wenye matatu.

Muuguzi wa kuja nyumbani ni ghali kwa kila ziara kwa sababu unalipia na njia yake. Anafaa kwa watu wa aina mbili: mzee aliyevunjika nyonga ambaye kumpandisha pikipiki ni hatari, na mtu aliye mbali na kituo chochote, mathalani Mfangano au Remba, ambako kila safari ni boti kwanza. Hata hapo, usimwajiri kwa mwezi. Mlipe ziara mbili, ya kwanza afundishe, ya pili akague. Kabla ya kumpa hata shilingi, omba namba yake ya leseni na uithibitishe kwa Baraza la Wauguzi la Kenya. Aliyewahi kufagia kliniki na sasa anavaa koti jeupe yuko kila soko.

Njia ya mwisho ni kujifungia mwenyewe nyumbani. Ni ya bei ya chini kabisa na si ya aibu. Inataka sabuni, maji yanayotiririka, mkono uliooshwa kabla na baada, shashi safi na mtu mmoja tu mwenye kazi hiyo, si kila mgeni anayekuja kutoa pole na kutaka kuona. Chupa ya nusu lita ya maji ya chumvi ya hospitali hupatikana kwa shilingi mia moja hadi mia mbili. Isipopatikana, maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yanafanya kazi hiyo. Yatengeneze mapya kila siku.

Wenye vyuma vya nje

Kwao hesabu ni nyingine. Mtu mwenye fremu ya nje ana matundu ambamo pini zinapita ngozini, na matundu hayo yatakuwa wazi kwa wiki kumi na mbili au zaidi. Hakuna familia ya kawaida inayoweza kulipia kliniki kwa muda huo wote. Lazima ujifunze.

Nunua kwa jumla. Shashi ya roli kubwa unayokata mwenyewe kwa mkasi uliochemshwa huwa nafuu kwa kila matumizi kuliko vipakiti vidogo. Maduka ya dawa ya jumla ya Migori mjini, Homa Bay mjini na Kisii ndiko pa kuulizia, na ukiwa na mgonjwa jirani mwenye shida hiyo hiyo mgawane roli.

Usinunue pamba kwa kazi hiyo. Nyuzi zake hubaki kwenye tundu. Usinunue spiriti wala dawa ya kutoa povu kwa matumizi ya kila siku, huunguza ngozi changa. Majivu, dawa ya meno na majani yaliyotwangwa ni bure siku ya kuyapaka, na ni ghali kuliko vyote siku ya kuyaoshea wodini.

Tundu linalotoa maji mepesi kidogo mara nyingi halina shida. Tundu jekundu, la moto, lenye usaha, au pini inayocheza, ni la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Hali kadhalika kidonda kilichoshonwa kikianza kuuma upya baada ya kutulia, kikafunguka, au mgonjwa akapata homa. Na usipitie duka la dawa kwanza kununua vidonge. Vidonge vichache vinaweza kuficha ugonjwa kwa wiki moja huku chini ukizidi, na daktari akichukua usaha kuupima asipate kitu. Nenda moja kwa moja kwa waliokiweka chuma, hata kama miezi imepita.

Wakazi wa Nyatike ya chini, kule Mto Kuja unakofurika wakati wa masika, wapange mapema. Mkiona mvua inakaza, mleteni mgonjwa kwa jamaa aliye karibu na barabara ya lami kabla njia haijakatika. Nauli ya mapema ni ndogo kuliko kumbeba mtu mwenye fremu kwenye maji.

Nani akae naye

Wagonjwa wengi wenye chuma mguuni hawahitaji muuguzi nyumbani. Wanahitaji mikono yenye nguvu asubuhi na jioni: kuinuka, kuoga, kwenda chooni, kuletewa chakula. Kumlipa mtu wa mshahara wa uuguzi kwa kazi hiyo ni kulipia cheti usichokitumia.

Mashirika mengi yanayokodisha watunzaji yako Kisumu na Nairobi. Ukiyapigia, bei ya mwezi yatakayotaja haina nauli, chakula, siku za mapumziko, wala ada ya shirika lenyewe. Jumlisha vyote ndipo ulinganishe na kumlipa jirani mwaminifu kwa siku, muda wa saa tatu asubuhi na muda wa saa mbili jioni.

Jamaa anayeitwa kutoka mjini pia ana gharama, ingawa haitajwi kwa kuwa ni mtu wa nyumbani. Akiacha kibarua chake wiki sita, hiyo ni pesa iliyotoka kwenye familia. Na sitanyamazia hili: mara nyingi anayeachishwa kazi yake ni msichana wa shule. Muhula aliopoteza haumo kwenye risiti yoyote.

Mzee asiyeweza kugeuka mwenyewe ndiye anayehitaji mtu usiku na mchana, kwa sababu ya vidonda vya kulalia. Godoro la hewa linaloendeshwa na umeme linasaidia, lakini ni la maelfu, na stima ikipotea linalala. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, kuweka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee, na kuhakikisha shuka ni kavu, hakugharimu kitu ila usingizi. Kama pesa ni za kimoja tu, lipa mtu wa zamu ya usiku, achana na godoro.

Msisahau wahamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali iliwapa mikoba yenye vipimo vya presha, sukari na joto la mwili, na kutembelea kaya ndiyo kazi yao. Hawatakushonea kidonda, lakini mgonjwa wa kisukari au presha akipimwa nyumbani ameokoa nauli, na sukari iliyopanda huchelewesha kidonda kupona.

Magongo, choo na kiti

Magongo usiyafanyie ubahili. Ya alumini yanayorekebishika, jozi moja, huuzwa takriban kati ya 1,500 na 3,000 kutegemea duka. Ya mbao ya fundi wa mtaani ni nusu ya hapo au chini zaidi, na mbao ngumu hudumu, lakini hayarekebishiki. Mwambie fundi ampime mgonjwa akiwa amesimama. Kilele kiwe vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono. Uzito hukaa mikononi. Anayening'inia kwa makwapa huumiza neva na huishia na ganzi ya mikono juu ya mguu mbovu.

Angalia mpira wa chini kabla ya kitu kingine. Udongo mweusi wa upande wa ziwa ukilowa huteleza, na mpira uliolika ndio unaomwangusha mtu juu ya mfupa uliotoka kuungwa. Mpira mpya ni pesa ndogo, nunua akiba.

Magongo ya mitumba ni sawa kabisa. Kagua vitobo vya kurekebishia visiwe vimepanuka, na skrubu ziwe zote. Ukishapona, yauze au uyakopeshe. Makanisa mengi na vikundi vya kina mama vina jozi zimelala stoo, na kuuliza ni bure.

Kiti cha magurudumu ni ununuzi wa pupa. Cha kawaida kipya huanzia karibu elfu kumi, na boma lenye mawe halikipitishi. Kwa aliyevunjika mguu mmoja, azima cha wiki mbili. Anayekihitaji kwa muda mrefu aulize chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, ambacho kina tawi Kisumu, au Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kabla ya kununua cha dukani.

Choo cha shimo ndicho mtihani. Aliyebadilishiwa nyonga hapaswi kuchuchumaa, wala kukaa kwenye kigoda cha chini, wala kukunja nne, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa kuwa nyonga inaweza kuchomoka. Kiti maalumu cha choo dukani kinaweza kukugharimu elfu tano hadi nane. Kiti imara cha plastiki cha chini ya elfu moja na mia tano, kikatobolewa tundu katikati na kingo zikalainishwa kwa moto, kikawekwa juu ya shimo, kinafanya kazi hiyo hiyo. Hakikisha miguu yake haitelezi sakafuni na chagua kizito. Vile vyepesi vya harusi huvunjika. Huu ndio ununuzi bora wa bei nafuu katika makala yote haya.

Dukani kwa dawa

Baada ya upasuaji wa nyonga au paja, damu inaweza kuganda mguuni na kipande chake kikapanda mapafuni. Daktari anaweza kuagiza kinga ya hadi wiki tano. Hapa bei hutofautiana sana. Sindano ya kila siku ni ghali, na juu yake kuna ada ya kuchomwa, labda na bodaboda kila siku. Kuna vidonge vya kisasa vya kuzuia mgando ambavyo huondoa gharama ya kuchomwa. Na kuna aspirini, ya shilingi chache, ambayo madaktari wengi huikubali kwa baadhi ya wagonjwa. Wewe usichague mwenyewe. Lakini muulize daktari waziwazi, kabla hajaandika: "Kuna kidonge cha bei nafuu kinachomfaa mgonjwa huyu?" Kibaya zaidi ni kununua sindano za siku tano, pesa ikaisha, ukaacha. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikawa fupi, ni dharura, hata saa nane za usiku.

Dawa za maumivu nunua kwa jina la dawa yenyewe, usinunue kwa rangi ya boksi. Paracetamol ya kawaida inatuliza sawa na ile ya boksi linalong'aa. Vidonge vikali vya kupunguza uvimbe huumiza tumbo na figo vikimezwa wiki nyingi, hasa kwa wazee, basi usijiongezee.

Vidonge vya kalisi na sharubati za "kuunga mfupa haraka" ndizo pesa za kutupa nilizozitaja mwanzoni. Mwenye upungufu atapimwa na kuandikiwa. Wengine wote, peleka pesa hiyo sokoni: omena iliyokaushwa, mayai, maharagwe, maziwa. Omena hutafunwa na mifupa yake, na Homa Bay si mahali pa kuikosa. Sigara nayo huchelewesha mfupa kuunga. Kuiacha ni dawa inayokurudishia pesa mfukoni.

Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI asikose hata dozi moja wakati wa msukosuko huu, na mwenye selimundu, ugonjwa ulio wa kawaida katika ukanda wa ziwa, awaambie waliomfanyia upasuaji tangu siku ya kwanza. Mifupa ya mwenye selimundu hupata maambukizi kwa urahisi, na homa yake si ya kusubiriwa ipite.

Picha na mazoezi

Picha ya wiki ya sita na ile ya mwezi wa tatu ndizo zinazoonyesha kama mfupa unaunga. Usiziruke. Picha za ziada katikati, kama hakuna kilichobadilika, uliza ni za nini. Ipigwe hospitali ile ile au mahali panapokupa nakala. Picha isiyo na nakala huishia kulipiwa mara mbili, kwani kliniki ya pili itataka yake.

Fiziotherapi ya kila wiki ni nzuri kwa mwenye uwezo. Asiye nao alipie vipindi viwili au vitatu vilivyotenganishwa, aandikiwe mazoezi, arekodiwe kwa simu akiyafanya, kisha ayarudie nyumbani kila siku. Goti lisilokunjwa miezi miwili hukakamaa, na kulifungua baadaye ni maumivu na nauli nyingi.

Kama upasuaji bado

Wapo wanaosoma haya mgonjwa akiwa bado amening'inizwa uzito mguuni. Kuvutwa mfupa wa paja kwa uzito huonekana rahisi kwa sababu hakuna chuma cha kununua. Lakini mtu mzima hulala hapo wiki sita au zaidi, na kila siku ina kitanda, chakula na jamaa anayekaa naye. Uchunguzi uliofanywa Malawi kulinganisha njia hiyo na msumari wa ndani uliona kuwa msumari una thamani zaidi kwa pesa. Pigia hesabu siku, usihesabu chuma peke yake.

Kabla ya kumlipa muuzaji wa vyuma aliyeletwa wodini, uliza kama hospitali ina misumari ya msaada. Shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na Dkt. Lewis Zirkle huko Richland, jimbo la Washington, Marekani, hutoa misumari ya paja na muundi kwa hospitali za nchi zisizo na fedha, na msumari wake hufungwa skrubu bila mashine ya picha ya moja kwa moja. Tenwek, kule Bomet, ni mojawapo ya hospitali za Kenya zilizoitumia. Safari ya kwenda huko ipimwe dhidi ya bei uliyotajiwa hapa.

Ukiambiwa uchague kati ya chuma cha pua na titani, ujue kwamba chuma cha pua cha daraja la hospitali kimewaunga watu wengi na ni nafuu. Titani ni nyepesi na haichafui sana picha za MRI. Kwa mfupa uliovunjika kawaida, tofauti hiyo ya bei ningeiweka kwenye kidonda.

Nani alipe

Bima ya zamani, NHIF, iliondoka Oktoba 2024 na SHA ikashika nafasi yake. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa hupimwa uwezo wa kaya yake na hulipa ya mwaka, kiwango cha chini kikiwa 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kwa kulazwa na kupasuliwa mchango lazima uwe umelipwa. Uliza ofisi ya SHA hospitalini maswali mawili na uandikiwe majibu: chuma kimo ndani ya kifurushi au ni juu yangu? Na kurudi kwa ajili ya ukaguzi kumo?

Aliyeumia kazini, awe anapakia miwa Awendo au anaendesha mashine kiwandani, matibabu yake ni jukumu la mwajiri chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007. Ripoti kwa maandishi mapema. Aliyegongwa na gari achukue karatasi ya polisi na ahifadhi kila risiti, hata ya magongo. Na yule kijana mwenye fomu anayezunguka wodini akisema wakili wake atakuletea mamilioni: usitie sahihi ukiwa na dawa za usingizi kichwani. Uliza asilimia yake kwanza.

Siku ya kukitoa

Bamba na misumari mingi kwa watu wazima hubaki mwilini maisha yote bila shida, na kuitoa ni upasuaji mwingine wenye bili yake. Akikuambia mtu kitolewe "kwa sababu umepona tu", omba sababu ya pili. Nyaya zinazochungulia nje, fremu za nje na misumari laini ya watoto ndivyo vya kutolewa kwa mpango. Viulizie bei yake sasa, wakati unalipia kuviingiza.

Na kama chuma kitalazimika kutoka kwa kuwa kinachoma au kimeoza, daktari atahitaji bisibisi inayolingana na kichwa cha skrubu zile. Kila mtengenezaji ana ya kwake. Hospitali isipojua ni chuma gani hukodisha seti nzima za vifaa kwa kubahatisha, kwa gharama ya mgonjwa, au humtuma alikotoka. Kile kibandiko cha wodini ndicho kinachotaja bisibisi ya kuagizwa, kwa hiyo kitie kwenye bahasha moja na kitambulisho, na nakala yake ibaki kwenye simu ya mtu mwingine nyumbani.